Jiko Lililoingizwa Ndani

Mwaka ule bei zilipopanda na zikakataa kushuka, nilianza kuogopa vitu vidogo. Niliogopa kutikisa pakiti ya unga nikasikia umebaki chini kabisa. Niliogopa kuinua mtungi wa gesi, kwa sababu mkono ulikuwa unajua ukweli kabla ya moto wenyewe kugeuka manjano na kuanza kukohoa. Jumamosi nikitoka kazini nilipitia dukani, nikasimama mbele ya mafuta ya kupikia, nikachukua chupa, nikairudisha, nikachukua ndogo yake, nikairudisha pia. Siku moja mlinzi wa duka alinifuata kutoka rafu hadi rafu akidhani mimi ni mwizi. Nilitoka bila kununua chochote, nikiharakisha kana kwamba kweli nilikuwa nimeiba.

Nilikuwa karani wa stoo katika godauni moja huko Industrial Area. Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na binti yangu, aliyekuwa darasa la pili. Baba yake alifariki mtoto akiwa bado hajaanza kutembea. Tuliishi Buruburu, ingawa hatukuwa katika zile nyumba za vigae ambazo watu hufikiria wakisikia jina hilo. Tulipanga vyumba viwili vilivyojengwa uani mwa nyumba ya watu, chumba cha kulala na cha kupikia, vyote vikiwa na dirisha moja moja na mlango mmoja wa chuma wa kutokea.

Mwenye nyumba alikuwa mama mjane, mstaafu wa serikali, aliyetembea ameshikilia mgongo wima kama mtu anayepigwa picha. Gari lake lilikaa uani likiwa limefunikwa turubai, nami niliamini ni kwa sababu hakupenda kuendesha. Siku niliyohamia alinitembeza kote akinionyesha mifereji na swichi za taa, kisha akagonga ukuta kwa kidole.

"Huu ukuta nimeupaka rangi kwa jasho langu," alisema. "Makaa hapa sitaki. Anayeshindwa na gesi atafute nyumba kwingine."

"Nimesikia, mama," nikamjibu, na wakati huo sikuona ugumu wowote.

Ugumu ulikuja baadaye, polepole. Nikaanza kupika mara moja kwa siku. Nikawa nanunua maharagwe yaliyokwisha kuchemshwa, kwa kikombe, kutoka kwa mwanamke aliyekaa na sufuria zake kando ya njia niliyopita nikitoka kazini, karibu na Mukuru kwa Reuben. Halafu naye akapandisha bei, na kikombe chake kikawa kidogo. Binti yangu aliacha kuuliza kama kuna nyongeza. Hilo lilinitia hofu kuliko kama angelia. Alikuwa anamaliza sahani yake, analamba kidole, ananitazama usoni, kisha anaipeleka sahani kwenye karai.

Mama yangu ndiye aliyekuja kutuokoa. Alitoka kwetu magharibi ili atibiwe macho, kwa sababu ukungu ulikuwa umeanza kufunika jicho la kulia. Alishuka kwenye basi na gunia ambalo vijana wawili walilibeba wakilalamika. Ndani yake mlikuwa na mahindi makavu, maharagwe, muhogo uliokaushwa, dagaa wa omena, majani ya mboga chungu tunayoiita mito, yaliyokaushwa kivulini, na chupa ya maji ya kahawia ambayo binti yangu alidhani ni soda.

"Hiyo ni musherekha," mama akamwambia. "Nimechoma maganda ya maharagwe, nikachuja majivu yake. Mboga ikikataa kulainika, tunaitia adabu kwa hiyo."

"Inauma, kukhu?" mtoto akauliza. Kukhu ndivyo tunavyomwita bibi kwetu.

"Inauma mboga, si wewe."

Siku hiyohiyo akafungua kabati langu, akatazama, akalifunga taratibu. Jioni alipoona nikizima gesi kabla mboga haijaiva, akasema, "Mwanangu, hii gesi unaipima kama dawa ya mgonjwa. Kwa nini usipike kwa makaa?"

Nikamweleza habari ya mwenye nyumba. Akasikiliza mpaka mwisho, na kesho yake, nikiwa kazini, akatoka na mtoto mpaka Majengo, akarudi na jiko la bati lenye udongo ndani na makaa katika mfuko mweusi. Aliliweka nyuma ya tangi la maji, mahali ambapo mtu aliyesimama kwenye nyumba kubwa hawezi kuona.

Sina budi kusema kwamba tulikula vizuri. Alipika mahindi na maharagwe pamoja, chakula ambacho mji wote unakiita githeri na yeye anakiita mahenjera. Alichanganya unga wa muhogo na wimbi akasonga ugali mweusi uliokaa tumboni mpaka asubuhi. Mito aliichemsha, akaiacha ilale, akaichemsha tena kesho yake na maziwa kidogo, mpaka uchungu ukaisha. Omena aliiosha kwa maji moto, akaikaanga kavu kabla ya kuitia nyanya moja tu. Hakutupa chochote. Maganda ya viazi yalirudi sufuriani, na ukoko wa ugali ukawa uji. Binti yangu akaanza tena kuomba nyongeza.

Lakini chakula cha namna hiyo kinataka moto wa muda mrefu, na kila siku nilikaa kazini nikiwaza moshi. Niliona moshi ukipanda juu ya tangi, ukipita dirishani mwa mwenye nyumba. Mtoto alikuwa amefundishwa kusimama kwenye kona na kuita, "Kukhu, anakuja!" Aliponisimulia hayo akicheka, mimi sikucheka. Nilikuwa nikijiuliza tutahamia wapi, na nani angetupangisha kwa kodi ile.

Hatimaye mwenye nyumba alituona. Nilikuwa nimefika tu nyumbani, bado nina mkoba begani, nikamkuta amesimama mbele ya mama yangu akiwa amejifunga leso vizuri kiunoni. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, mwiko mkononi, hakuinuka.

"Nilisema nini kuhusu makaa?" mwenye nyumba aliniuliza mimi, bila kumtazama mama.

"Samahani, mama. Ni mahindi tu, yanachukua muda."

"Kila siku ni harufu. Asubuhi harufu, mchana harufu. Nikiona hili jiko nje tena, mwezi ukiisha mnahama. Sitasema mara nyingine."

Alipoondoka, mama alimwaga maji kwenye makaa, yakalia kwa sauti kubwa, mvuke ukatufunika sote. "Amesema nje," mama akasema kwa sauti ya chini. Nilidhani anaongea na nafsi yake. Sikuyapa uzito maneno hayo.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa ya Julai, yenye baridi ile ya Nairobi inayoingia mpaka kwenye meno, na manyunyu yasiyoisha. Nilitoka kazini mchana. Nilipofungua geti niliona mambo yote yako mahali pake, turubai la gari, tangi, kamba ya nguo isiyo na nguo. Nyuma ya tangi hapakuwa na jiko. Nikashukuru moyoni kwamba mama amesikia.

Mwenye nyumba alikuwa barazani kwake akikunja mwavuli. "Leo kwenu kumenyamaza," akasema.

Kweli kulikuwa kimya. Kwa kawaida ningekuwa nimekwisha kusikia mtoto akiimba. Mlango wetu ulikuwa umefungwa na dirisha la jikoni limefungwa, pazia limevutwa. Nikasukuma mlango, ukagoma. Ulikuwa umekomewa kwa ndani. Nikagonga.

"Mama? Fungueni, ni mimi."

Harufu ya maharagwe yaliyoanza kuungua ilikuwa inatoka mahali fulani, hafifu sana. Nikainama kutafuta inatokea wapi, nikaona kitambaa kimesokotwa na kusukumiwa chini ya mlango. Ilikuwa leso ya mama yangu. Alikuwa ameziba ili harufu isifike nyumba kubwa.

Nikagonga kwa ngumi, kisha kwa mguu. Nikaita jina la mtoto. Nikazunguka kwenye dirisha la chumba cha kulala, nikabana uso kwenye kioo, na kupitia ufa wa pazia nikaona nyayo mbili ndogo ukingoni mwa kitanda. Soksi moja ilikuwa imetoka nusu mguuni. Niligonga kioo karibu kabisa na nyayo zile na hazikusogea.

Sikumbuki nilipiga kelele gani. Ninachokumbuka ni mwenye nyumba akija mbio kwenye matope bila viatu, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akikimbia, ameshika chuma cha kufungulia magurudumu ya gari. Alivunja kioo cha mlango wa chuma, kile kidogo cha juu, akapitisha mkono ndani kati ya vipande na kulisukuma komeo. Mkono ulitoka na damu. Mlango ukafunguka, joto likatupiga usoni kama pumzi ya mnyama.

Mama alikuwa jikoni, amekaa sakafuni, mgongo ukiegemea ukuta, kidevu kifuani. Jiko lilikuwa mbele yake, makaa mekundu, mazuri, hayana moshi hata kidogo. Nilimpita. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilimruka mama yangu mzazi nikaenda kwa mtoto. Nilipomwinua, kichwa chake kikaanguka nyuma mkononi mwangu kama cha mtoto mchanga. Nilimbeba mpaka uani na kumlaza kwenye manyunyu, nikaanza kuvua sweta langu nimfunike.

"Usimfunike!" mwenye nyumba akapaza sauti kutoka mlangoni. Alikuwa anamburuta mama kwa kumshika chini ya makwapa. "Mwache apate hewa! Mpulizie! Mwite!"

Nilimwita. Nilimwita kwa majina yote niliyowahi kumpa tangu azaliwe. Niliweka sikio puani mwake na kwa sababu ya mvua sikusikia chochote. Hofu niliyoijua kabla ya hapo, ya duka, ya mtungi, ya kodi, yote ilikuwa kama mchezo tu. Hii ilikuwa hofu isiyo na maneno. Kisha kifua chake kikapanda. Kidogo sana. Nikangoja, kikapanda tena.

Mwenye nyumba alikuwa ameshatoa turubai. Tukawapakia wote wawili kiti cha nyuma, nikakaa kati yao, kila kichwa kikiwa begani mwangu. Akawasha gari. Gari likakohoa, likanyamaza. Akawasha tena, likanyamaza. Nilimsikia akisali kwa sauti huku akizungusha ufunguo. Vijana wanaoosha magari mwisho wa barabara yetu walikuwa wamesikia kelele na kuingia getini.

"Niaje, mathe, kumeendaje?" mmoja akauliza, kisha akatazama ndani ya gari na uso wake ukabadilika. "Wasee, sukuma! Sukuma!"

Walilisukuma mpaka barabarani, viatu vikiteleza, na mwisho gari likashtuka likaunguruma. Tulienda kwa kasi ambayo sikuamini gari lile linaiweza. Katikati ya Jogoo Road mtoto alitapika kwenye sketi yangu.

"Anatapika!" nikalia.

"Kutapika ni kuzuri," mwenye nyumba akasema bila kugeuka. "Asiyetapika ndiye wa kuogopwa. Mama yako je?"

Mama hakuwa ametapika. Mkono wake ulikuwa mzito na baridi juu ya goti langu.

Hospitalini waliwachukua kwenye vitanda viwili, kila mmoja akawekewa barakoa ya oksijeni. Daktari, msichana aliyeonekana mdogo kunishinda, aliniuliza swali moja tu: "Mlikuwa na makaa ndani?" Nilipoitikia, akatikisa kichwa, si kwa lawama, bali kama mtu aliyechoka kuona jambo lilelile. Akanieleza kwamba makaa yanapokwisha kushika moto vizuri na moshi kupotea, hapo ndipo watu huyaamini na kuyaingiza ndani, kumbe hewa yake bado ni sumu, na haina harufu wala rangi. Mtu husikia kichwa kikimuuma, halafu usingizi.

"Watapona?" nikauliza.

"Mtoto anajibu vizuri. Huyu mzee tumpe muda."

Tulikaa kwenye benchi, mimi na mwenye nyumba. Alikuwa amefungwa bendeji mkononi na miguu yake ilikuwa bado na matope. Nilikuwa nangoja aniambie tuhame. Nilitaka aseme haraka ili hilo nalo liishe.

"Mimi pia ninalo," akasema.

Sikumwelewa.

"Jiko. Liko bafuni kwangu. Gesi ilinishinda tangu mwanzo wa mwaka. Pensheni ni ileile, vitu si vilevile. Nikawa naona haya, akina mama wa kanisa wanakuja kwangu, wanajua mimi ni mtu wa aina gani. Kwa hiyo napikia bafuni, nafunga mlango." Nilimshika mkono, nikakuta una baridi kuliko wa mama yangu. "Leo asubuhi nimepika humo. Kichwa kikaniuma, nikasema ni presha. Nikatoka barazani nipate hewa. Mimi ninaishi peke yangu. Nani angekuja kuvunja mlango?"

Tukakaa hivyo, tumeshikana mikono, wanawake wawili ambao hawakuwahi hata kunywa chai pamoja.

Mtoto alifungua macho kwanza. Alitaka kutoa barakoa. "Mama, kichwa kinapigapiga," akasema, na mimi nikaangua kilio mpaka muuguzi akaniomba nitoke kidogo.

Mama alichelewa. Nje ilikuwa imeanza kuwa giza alipogeuza kichwa na kusema kitu kwa lugha yetu. Nikasogea.

"Mtoto yuko wapi?"

"Yuko hapa, mama. Kitanda hiki kingine. Ni mzima."

Akafumba macho, machozi yakateremka kuelekea masikioni. "Aliniambia kichwa kinamuuma," akasema. "Nikamwambia ni baridi, panda kitandani ulale, chakula kikiwa tayari nitakuamsha. Mimi ndiye niliyemlaza. Sikutaka mfukuzwe."

"Pumzika, mama."

"Mimi ndiye niliyemlaza," akarudia, na kwa siku kadhaa hilo ndilo alilokuwa akisema, hata tulipokwisha kurudi nyumbani.

Kupona kwao hakukuwa kwa mara moja. Mama alikuwa akianza sentensi na kuipoteza katikati, akabaki anatazama mkono wake kana kwamba neno limeanguka humo. Daktari alisema itapita, na ilipita, lakini kabla haijapita nilikuwa namtazama akitafuta neno kama "kijiko" huku amekishika mkononi. Mtoto alikataa kabisa kulala mchana. Hata akiwa na homa alikaa kitini, macho yamemtoka, akipigana na usingizi. Nami nilikuwa napiga simu nyumbani kila nilipopata nafasi kazini, na simu ikiita sana bila kupokewa, nilikuwa naiona ile soksi.

Tuliporudi kutoka hospitalini tulikuta mwenye nyumba ametoa jiko lake bafuni, akaliweka wazi uani karibu na letu, na kuwaambia wale vijana wafunge mabati mawili juu ya nguzo ili mvua isitusumbue. Alisema mbele ya jirani aliyekuwa akichungulia ukutani, kwa sauti ya juu, "Sisi hapa tunapikia makaa, na tunapikia nje." Ukuta ulianza kuwa mweusi baada ya muda mfupi. Alikuwa akiupita akiutazama, midomo imekazwa, kisha akaenda zake.

Mama hakutaka kushika jiko tena. Alikaa mbali na kuelekeza. Ndipo alipokumbuka namna walivyofanya alipokuwa msichana, siku za palizi, watu wote wakienda shambani na hakuna wa kubaki na moto: walichemsha mahindi na maharagwe kwa nguvu, kisha wakakitoa chungu motoni, wakakifunga kwa majani ya ndizi na magunia, wakakiacha kijipikie kwa joto lake. Mwenye nyumba akaleta kikapu kikubwa na blanketi la zamani. Mara ya kwanza tulifungua mapema mno na maharagwe yakawa magumu kama kokoto. Mara ya pili tuliyaloweka usiku kucha kwanza, tukayachemsha kwa nguvu na kuyafunga asubuhi, na mchana yalikuwa yamelainika, moto, bila mtu kuyachungulia. Makaa yaliyotumika yalikuwa kiganja tu. Mwenye nyumba alionja akiwa amesimama, kisha akaomba sahani akaketi.

Bei hazikushuka. Bado nasimama mbele ya rafu ya mafuta. Lakini mtoto anakula akashiba, na nimejifunza kusonga ule ugali mweusi bila madonge, ingawa mama anasema wangu bado ni mwepesi.

Jicho lake lilifanyiwa upasuaji mvua zilipoisha, akaona vizuri, akarudi kwetu na gunia tupu. Hupiga simu jioni, saa ambayo anajua napika. Haanzi na salamu.

"Uko wapi na moto?"

"Nje, mama."

"Mlango uko wazi?"

"Uko wazi."

"Na mtoto?"

"Yuko hapa, anachambua mboga."

"Mpe simu," husema, "nimsikie mwenyewe."